Spectrum Mezani, Pilau Jikoni

Jirani yetu hapa Dundee, bibi wa Kiskoti, alituletea Sinclair ZX Spectrum yake ndani ya mfuko wa dukani. Mke wangu akauliza kompyuta yenyewe iko wapi, maana alichokiona ni kibodi ndogo yenye vitufe vya mpira. Ndiyo hiyo hiyo, yote. Ilitoka Aprili 1982: ya kilobaiti 16 kwa pauni 125, ya kilobaiti 48 kwa pauni 175. Nyingi ziliundwa papa hapa Dundee, katika kiwanda cha Timex kilichofungwa 1993, na jirani yetu alikuwa mmoja wa akina mama walioziunda. Yake ilikuwa ya kilobaiti 16. Nikaazimia kuifufua, kisha kuiongezea memori.

Meza ya kulia ikageuka karakana. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa, akatandika mkeka sebuleni tukawa tunakula chini. Nilibadilisha kapasita, kwa kuwa hukauka zikizeeka. Utando wa plastiki ulio chini ya vitufe ulikuwa umekakamaa na kupasuka, nikaagiza mwingine. Nikaunganisha waya wa kutoa picha bila kupitia masafa ya antena, televisheni ya siku hizi ipate kuipokea. Skrini ikawa nyeupe, na chini kabisa, kwa maandishi meusi: 1982 Sinclair Research Ltd. Watoto wakapiga makofi.

Siku ya Iddi, nilipokuwa msikitini, shemeji alitaka kuwafurahisha watoto. Hakuiona adapta ya Spectrum, akachukua ya kisanduku cha intaneti. Ncha ikaingia bila taabu. Lakini Spectrum hutaka hasi katikati ya ncha na chanya nje, na adapta nyingi za leo ni kinyume. Mama mkwe ndiye aliyenusa kwanza, tena kutoka jikoni: "Jamani, panaungua kitu huko, na si vitunguu vyangu!"

Niliporudi na kuiwasha kwa adapta yake, skrini ilijaa mistari. Chipu nane za memori ya chini, aina ya 4116, zinahitaji umeme wa namna tatu: volti 5, volti 12 na volti 5 hasi. Hiyo hasi ikikosekana huku 12 ipo, chipu zinaungua. Transista iitwayo TR4, inayosaidia kuzalisha umeme huo, ilikuwa imekufa. Nilipoibadilisha mistari haikuondoka, nikazipapasa chipu moja moja. Moja ilikuwa ya moto, kidole hakikai.

Shemeji alinyong'onyea, pilau hakuigusa. Nikamwita mezani anishikie taa. Jirani naye akaja, akavaa miwani, akaomba chuma cha kulehemu. Mguu kwa mguu, yote 16, aliyeyusha risasi ya zamani na kuifyonza, na hakuna mstari wa shaba uliobanduka ubaoni. Mkono wake haukuwa umesahau kitu. Shemeji akaipachika chipu mpya mwenyewe, jirani akimwelekeza.

Baada ya hapo kuongeza memori kulikuwa kazi nyepesi. Ubao huu ulitoka kiwandani na soketi 12 tupu, ukingojea siku ambayo mwenyewe angepata pesa za kuzijaza. Tukazijaza, kisha binti yetu akaandika amri ya kuuliza memori inaishia wapi. Ingekuwa bado kilobaiti 16, jibu lingekuwa 32767. Likaja 65535. Jirani akacheka kwa sauti, shemeji akaomba sahani ya pilau.

Naipenda mashine hii kwa sababu walioiunda walikubali kwamba itafunguliwa. Skrubu zinafunguka, soketi zinangoja, kila chipu ina jina lake juu. Ndiyo maana ajali ya sebuleni haikuipeleka jalalani, na ndiyo maana kijana aliyeiunguza ameweza kuitengeneza. Vifaa vyote vya nyumbani vingestahili kuundwa hivyo.

Sasa tunahitaji kinanda cha kaseti cha kupakia michezo. Mama mkwe amekubali kutuazima chake, kwa sharti kwamba kanda zake za taarabu asiguse mtu.