Kuisifu Rimoti ya Boila

Washairi wetu wameusifu mwezi mpaka ukaona haya. Wamelisifu jahazi, mnazi, tambuu na jicho la mwanamwali. Na walipoishiwa na vya kusifiwa wakaanza kusifiana wao kwa wao. Lakini katika diwani zote nilizopata kuzifungua sikukuta hata ubeti mmoja uliotungwa kwa ajili ya rimoti ya boila, kile kisanduku cheupe, ukubwa wake kipande cha sabuni ya kufulia, kitundikwacho ukutani katika nyumba za Uingereza ili mwenye nyumba apate kuliamrisha joto la nyumba yake kwa simu, awapo kazini, safarini au chini ya blanketi. Kimya hiki nakihesabu kuwa ni dhuluma. Na kwa kuwa nimekaa Coventry miaka kumi na minne, na mitano katika hiyo nimeipitisha nikiwa raia mtiifu wa kifaa hicho, naona wajibu wa kutoa ushahidi ni wangu.

Kwanza nimtake radhi msomaji aliye Tanga au Unguja, ambaye kwake joto ni sadaka ya Mola isiyoletewa bili. Boila ni sanduku la chuma likaalo jikoni, linalochoma gesi, likapasha maji moto na kuyasukuma kwa mabomba hadi kwenye rejeta zilizo chini ya madirisha (rejeta hizi hazina udugu na zile za magari ila kwa jina na kwa kuvuja), na maji yakishapoa hurudi yalikotoka kuanza safari upya. Rimoti yake nayo si ile ya televisheni, ipoteayo baina ya mito ya kochi. Ni jamaa ya watu watatu: themostati ya ukutani, ambayo kazi yake ni kupima na kulalamika, kipokezi kilicho kando ya boila, ambacho hufunga na kufungua umeme kama bawabu, na programu iliyo ndani ya simu, ambayo hutoa amri na kuonyesha picha za mapambo. Watatu hawa hawaonani kwa macho. Wakielewana nyumba huwa na joto. Wakikhitilafiana, mwenye nyumba huvaa koti ndani ya nyumba yake mwenyewe, hali aliyokwisha kuizoea tangu zamani, kwa hivyo hapati hasara yoyote.

Ada ya madihi ni kuanza na nasaba, na nasaba ya huyu mamduhu wangu si ya kuonewa haya. Katika karne ya 17 aliishi London Mholanzi mmoja, mzaliwa wa Alkmaar, aitwaye Cornelis Drebbel, ambaye aliunda tanuri ya kuangulia vifaranga iliyojitawala yenyewe: joto likizidi zebaki ilipanda na kuubana mlango wa hewa, na joto likipungua ikashuka na kuufungua. Msomaji azingatie kwamba yai la kuku lilitangulia kuhudumiwa kwa karne mbili na zaidi kabla ya binadamu kukumbukwa. Zamu yetu ilifika kwa mkono wa Warren Johnson, mwalimu katika mji wa Whitewater, Wisconsin, huko Marekani, ambaye kila siku alikatizwa masomo na mhudumu wa shule aliyekuwa akiingia darasa baada ya darasa kutazama kama kuna joto au baridi, kisha akashuka chini ya jengo kwenda kurekebisha njia za hewa ya moto. Mwaka 1883 Johnson alipata hataza ya chombo cha umeme kilichotundikwa darasani na kupiga kengele kule chini kwa mwenye tanuri, ili mhudumu abaki kwake na mwalimu abaki na somo lake. Basi mwalimu aliyechoka kukatizwa ndiye babu wa rimoti yangu. Na mjukuu, kama wajukuu wengi walivyo, ameipindua azma ya babu yake, kwani tangu aingie nyumbani kwangu sijapata kumaliza sentensi moja bila ya simu kulia kunijulisha kwamba chumba cha kulala kimeshuka nusu nyuzi.

Nije sasa kwenye siku ya kuifunga. Juu ya kasha iliandikwa kwamba kazi yote ni dakika 30, na mimi, ambaye nimelelewa kuyaamini maandishi, nikaanza baada ya Alasiri, Jumamosi moja ya Novemba, kwa nia ya kuiwahi Magharibi, ambayo katika majira hayo huingia saa kumi na dakika chache. Boila yenyewe sikuigusa, maana kazi ya gesi katika nchi ile ni haramu ila kwa fundi aliyeandikishwa. Kwa upande wa nyaya nilimwita shemeji yangu, ambaye ni fundi umeme kwa riziki yake na mshauri wa kila jambo kwa hiari yake. Alizima umeme wa boila kwenye swichi yake yenye fyuzi ya ampea 3, akapima mara mbili kuhakikisha kuwa hakuna uhai ndani, kisha akaibandua themostati ya zamani. Nyuma yake, katika mraba ambao haukuguswa na rangi kwa miaka mingi, palikuwa na karatasi ya ukutani ya maua ya kahawia, waliyoichagua watu tusiowajua, na buibui mmoja aliyekauka. Themostati mpya ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, hata maua hayo yakabaki yanachungulia pande tatu, nayo yanachungulia hadi leo.

"Shemeji," akaniambia, ameshika bisibisi kwa meno, "yangu yamekwisha. Yaliyobaki ni ya simu, na hayo ni ya wenye elimu."

Elimu yangu ilifika ukingoni mapema. Ruta ya nyumbani hutangaza masafa mawili chini ya jina moja: ya gigahezi 5, yaliyo mepesi lakini hayapendi kupenya kuta, na ya gigahezi 2.4, yaliyo mazito yanayofika mbali. Simu yangu ilikuwa imekwisha kujiunga na yale mepesi. Kifaa hakijui ila yale mazito. Ikawa simu yanadi kwa lugha ya mjini, na kifaa, kama mzee wa Makunduchi asiyekuwa tayari kukiacha Kikae chake kwa ajili ya mgeni, kimetega sikio na kunyamaza, huku kitaa chake cha kijani kikipepesa kwa adabu. Dawa niliyoelekezwa ilikuwa ni kutoka na simu nje, hadi mahali ambapo masafa mepesi hukatika na mazito yangalipo. Na mahali hapo, kwa mujibu wa hesabu za maumbile, palikuwa ni kando ya pipa la taka, kwenye manyunyu. Nikasimama pale na kandambili zangu. Kifaa kikaitikia, kikaomba neno la siri, nikalitia, kikalikataa. Nikalitia tena herufi kwa herufi, kikalikataa tena. Neno langu la siri lilikuwa ni Ng'ambo na tarakimu zake, kwa jina la mtaa niliozaliwa katika mji wa Unguja, nililolichagua kwa yakini kwamba hakuna jirani wa Coventry atakayelibahatisha. Wala sikujua kwamba ile alama ndogo iliyo juu baina ya g na a, ambayo bila yake neno zima huharibika, kifaa hakikuwa kimefundishwa kuitambua. Ilinibidi nilibadilishe neno la siri la nyumba nzima, na kwa ajili hiyo nizifungue upya simu za watoto, televisheni na mashine ya kuchapia, ili kipande cha sabuni kipate kuingia. Na kilipoingia, jambo la kwanza kililoliomba ni kuachwa kijisasishe. Magharibi ikapita, Isha nikaiwahi.

Je, kuna mwalimu wa subira aliyepata kulipwa ujira mdogo kuliko huu?

Fadhila nyingine ni kwamba rimoti humjulisha mtu cheo chake. Programu ina hila ya kutambua kama nyumba ina watu: hutazama simu ziko wapi. Simu zilizoandikishwa zikiondoka zote, nyumba huhesabiwa tupu na joto hushushwa. Zikikaribia, boila huwashwa kuzilaki. Mimi, kwa uchovu wa siku ile, niliandikisha simu moja tu, na hiyo ni yangu. Jumatatu nikaenda kazini, na ilipofika saa nne asubuhi mama watoto, aliyekuwa ndani pamoja na watoto wawili wenye mafua, akanipigia.

"Baba watoto, hii nyumba mbona inazizima?"

Nikaitazama programu. "Inasema nyumba haina mtu," nikamjibu.

"Haina mtu? Na mimi ni nani?"

Wanafalsafa wamelizunguka swali hilo kwa karne nyingi wakiwa wamekaa mahali penye joto. Kwangu liliulizwa na mwenye shali tatu, nikaona ni busara kutolijibu kwa simu. Na tangu siku hiyo simu ya mama watoto ndiyo iliyo juu ya orodha.

Lakini siri kuu ya rimoti hii niliijua majira ya baridi yaliyofuata. Maji yaliyomo ndani ya boila lazima yawe na mkazo, na mkazo huo hupimwa kwa kipimo kiitwacho baa, jina ambalo mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa. Boila ikiwa baridi hutakiwa baa moja hadi moja na nusu. Yangu ilishuka ikawa chini ya nusu, ikagoma. Nami nikiwa kazini, kila nilipofungua programu, nilikuta kijimwali chekundu cha moto kinacheza juu ya kioo, nikafurahi kwamba nyumba inapata joto. Nilipoingia jioni nikakuta rejeta baridi kama kaburi. Ndipo shemeji akanielewesha kwamba kipokezi changu hujua kuagiza tu: kijimwali kile maana yake ni kwamba amri imetolewa, wala hakisemi kama imetiiwa. Nikawakumbuka wakuu wa wilaya wa zama za kikoloni na ripoti zao nadhifu.

Nikamkumbuka vilevile Seyyid Said bin Sultan, aliyeifanya Unguja makao yake huku akiendelea kuwa mtawala wa Maskati. Amri zake zilingoja kusi ivume ndipo majahazi yazipeleke Omani, na jawabu likangoja kaskazi ndipo lirudi. Na mara kadhaa ilimpasa apande marikebu mwenyewe akahakikishe kwa macho yake yale aliyoyaamuru, mpaka mwaka 1856 mauti yakamkuta baharini, baina ya himaya zake mbili. Amri yangu mimi hufika kwa sekunde mbili. Kuhakikisha, hata hivyo, bado kunanitaka nipande basi nirudi nyumbani, nikapige magoti mbele ya boila, nifungue vali ya kujazia maji kwa mkono, jicho kwenye mshale wa baa.

Disemba iliyopita tulikwenda nyumbani Unguja. Boila nimeiacha na amri ya kutoiruhusu nyumba ishuke chini ya nyuzi 7, mabomba yasigande. Jioni moja nimekaa barazani, kanzu imenigandama mgongoni kwa jasho, nimeinamia simu nikisoma joto la sebule ya Coventry, na mzee mmoja aliyekaa karibu yangu akashindwa kustahimili.

"Bwana, tangu saa ile watazama nini? Bei ya karafuu?"

"Natazama baridi, Maalim."

Akanyosha shingo akaitazama ile 9 kubwa. "Na nani yumo ndani?"

"Hamna mtu."

Akairudisha shingo yake mahali pake, akaomba kikombe kingine cha kahawa.

Habari hizi zikamfikia Bi Mkubwa, mama yangu, ambaye hajapata kuiona Ulaya lakini huichukia kwa dhati kwa sababu ya baridi yake. Akataka kuonyeshwa. Nami, kwa ghera ya mtu anayesifu mali yake, nikamtilia programu katika simu yake na kumwandikisha kuwa mmoja wa wenye nyumba. Tuliporejea Januari, siku ya pili tu akapiga. Nyuzi 17 alizoziona katika simu yake zilimwondolea usingizi.

"Kumi na saba? Mtoto mzima ni thelathini na saba. Hiyo nyumba imekufa, mwanangu."

Nilimweleza tofauti iliyopo baina ya kiwiliwili na sebule. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniombea dua, akakata simu, na boila ikanguruma. Alikuwa ameiweka 28. Tangu hapo utawala una mikono miwili, na wangu ndio mdogo. Yeye huamka kabla ya adhana ya Alfajiri, wakati ambao Unguja ni kiasi cha saa kumi na moja na Coventry ni saa nane ya usiku, na kabla ya kutia udhu huitazama nyumba ya mwanawe.

Juzi usiku nikaamka nimeloa. Rejeta zilikuwa zikigonga kwa moto, watoto wametupa mablanketi chini, na kwenye simu kijimwali kinacheza. Nikatia kidole nipunguze. Nikakumbuka kwamba yuko macho, na kwamba atakiona. Nikapiga simu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mmepata joto?"

Nikamwambia tumepata, Alhamdulillahi, nikainuka taratibu kwenda kufungua dirisha.