Namna ya Kufunga Shule 50 Bila Kukosa Usingizi

Hongera kwa kuteuliwa kuwa mjumbe wa bodi ya shule za umma. Kabla hujakizoea kiti, jifunze kwa waliobobea. Nenda Chicago, ambako kuanzia 1995 meya ndiye aliyeteua bodi nzima, na ambako tarehe 22 Mei 2013 bodi hiyo iliridhia kufunga shule 50 kwa mkupuo.

Anza na kikokotoo. Hesabu madarasa, weka watoto 30 kwa kila darasa, kisha tazama waliopo ni wangapi. Darasa la watoto wenye ulemavu, ambalo lazima liwe na wachache, litaonekana karibu tupu. Mwalimu mwenye watoto 20 anaowajua mmoja mmoja hadi shida za nyumbani kwao? Huo ni ubadhirifu wa nafasi, uandikie ripoti.

Ikiwa shule bado imejaa, vuta subira, bajeti itakusaidia. Gawa fedha kwa kichwa cha mtoto, kama Chicago ilivyoanza kufanya mwaka huohuo wa 2013. Shule ikipoteza watoto 40, inapoteza mkutubi au mwalimu wa muziki. Mzazi akikuta maktaba ina kufuli, anamhamisha mwanawe, na mwakani fedha zinapungua tena. Wakati huohuo ruhusu shule nyingine zifunguliwe mtaa wa pili, zile zinazolipiwa na umma na kuendeshwa na watu binafsi, zigombanie watoto walewale. Ukirudi na kikokotoo chako, utasema kwa masikitiko kwamba wananchi wenyewe wameikimbia shule yao. Nani atakubishia? Namba ni zako.

Kisha wasikilize wananchi. Wasikilize sana, dakika mbili kila mmoja. Chicago iliwatumia hata majaji wastaafu kuendesha vikao vya maoni, na baadhi yao walipoandika kwamba zaidi ya shule kumi hazikustahili kufungwa, bodi ikaendelea na safari yake. Huruma nayo ina nafasi: orodha ilianza na 54, nne zikaokolewa.

Watoto takribani 12,000 walihamishwa, karibu tisa kati ya kila kumi wakiwa Weusi, hasa wa kusini na magharibi mwa jiji. Njia za kwenda shule mpya zilikatiza mipaka ya magenge, hivyo wakaajiriwa watu wazima wa kusimama barabarani wakiwa wamevaa vizibao vya rangi kali. Watoto nao waliahidiwa iPad. Kumkabidhi mtoto kifaa cha bei mbaya kisha kumpitisha katikati ya magenge ni ubunifu ambao hata mimi, kwa kejeli zangu zote, nisingeufikia.

Mikataba usiisome, inachosha. Mwezi mmoja tu baada ya kufunga shule kwa kilio kwamba kasha ni tupu, bodi hiyohiyo ilipitisha mkataba wa dola milioni 20.5 wa kuwapa mafunzo walimu wakuu. Zabuni haikutangazwa. Mtendaji mkuu wa shule za jiji, Barbara Byrd-Bennett, aliyewahi kuifanyia kazi kampuni iliyopewa mkataba huo, alikuwa ameahidiwa mgawo wake. Alikiri kosa mwaka 2015, akahukumiwa miaka minne na nusu jela. Wajumbe walioinua mikono walirudi nyumbani kwao.

Matokeo ya watoto yasikusumbue. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza mwaka 2018 kwamba alama zilishuka hata kabla milango haijafungwa, mara tu habari ilipotangazwa, na kwamba katika hesabu pengo lilidumu kwa miaka.

Wa kuogopa ni wazazi. Mwaka 2012 bodi iliamua kuizima taratibu sekondari ya Dyett. Wewe ukifunga shule, wao wanafunga kula: mwaka 2015 wazazi na wanaharakati walikaa siku 34 bila chakula kigumu, na mwaka uliofuata Dyett ikafunguliwa upya. Wenzao wakawabana watunga sheria hadi sheria ya uteuzi wa bodi ikabadilishwa. Novemba 2024 wakazi wa Chicago walichagua wajumbe kumi kati ya 21 wa bodi, na kuanzia Januari 2027 viti vyote vitakuwa vya kura. Kwa hiyo, mheshimiwa mteule, kama una shule ya kufunga, fanya haraka.