Maandazi Kumi na Mawili, Gawanya kwa Nne

Mwanangu yuko darasa la pili, na makalio yake hayajawahi kukaa kitini dakika tatu mfululizo. Mwalimu kaniambia kwa upole kwamba mtoto ana akili, ila iko mikononi. Nimfundishe hesabu nyumbani, tena kwa vitendo. Mama watoto akacheka, akajifunga kanga, akaenda zake kwenye kikoba.

Haya, vitendo. Nikaokota vizibo vya soda ishirini, nikavipanga mkekani. "Toa saba." Akatoa. Akavitoa hadi nje, kupitia dirishani, kimoja kimoja, huku akihesabu kwa sauti. Cha saba kikampata jogoo wa jirani. "Vimebaki kumi na tatu, baba." Kweli kabisa.

Hapo ndipo nilipouona ubaya wa lugha yetu tamu. Toa, gawanya, azima: hesabu yote ni amri za nyumbani. Mtoto mtulivu huziandika. Wangu anatekeleza.

Jumapili asubuhi, maandazi kumi na mawili mezani. Nikasema, kwa kiburi cha mzazi aliyejipanga, gawanya kwa nne. Nilidhani wanne ni sisi wa nyumba hii. Nilipogeuka kumimina chai, sahani ikatoka mlangoni. Ikarudi tupu. "Kila mmoja kapata matatu, baba, hakuna baki." Nje watoto wanne wa jirani walikuwa wanajifuta mafuta midomoni. Jibu ni sahihi, sina pa kukosoa. Chai nikainywa bila kitafunwa.

La saa ndilo lililonimaliza. Mshale mfupi uko kwenye 7, mimi nasema saa moja. "Saba inakuwaje moja?" Nikamweleza kwamba Mswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua likichomoza, kwa hiyo toa sita. Akanyamaza. Kimya cha mtoto huyu huwa na gharama. Usiku akapanda kiti, akarudisha mishale nyuma saa sita ili ukuta uache kusema uongo. Jumatatu nikashtuka usingizini, nikaona mshale kwenye 11, nikasoma kama nilivyozoea miaka yote: saa tano usiku. Nikavuta shuka. Kumbe ni kumi na moja alfajiri. Kazini nilivyopokelewa, tuyaache.

Juzi tukafika arobaini na mbili toa kumi na saba. Mbili haitoshi kutoa saba, nikasema, kwa hiyo tunaazima kumi kwa jirani.

"Tunarudisha lini?"

"Haturudishi. Ndivyo hesabu ilivyo."

Akanikazia macho, akaandika ishirini na tano, akaondoka mbio.

Jioni nikamtuma dukani kwa Mangi achukue mafuta ya kupikia, tuandikwe kwenye daftari kama kawaida. Akarudi na chupa tupu. Alikuwa amemweleza Mangi kanuni, neno kwa neno.

"Anasema uende wewe mwenyewe, baba. Na yeye kaanza kujumlisha."