Namna ya Kutaja Kikosi cha Kimana Kabla ya Kocha

Anayetaka kutaja kikosi cha manyatta, yaani kijiji cha wamorani, kwa ajili ya Olimpiki ya Wamaasai, tena akitaje kabla kocha hajafungua mdomo, na aanze kwa kumwondoa binamu yake kwenye orodha. Namanga tumejaliwa watabiri. Kila kibanda cha chai kati ya steji ya matatu na kituo cha forodha kina mmoja, na kila mmoja ana binamu anayeruka hadi akaguse mawingu ya Ol Doinyo Orok. Binamu atarudi baadaye akistahili. Orodha inayoanza na damu yako haitasikilizwa na mtu wa manyatta nyingine, na raha yote ya kutabiri ni kumwona mtu wa manyatta nyingine akikasirika kwa sababu umesema kweli.

Kwa aliyehamia Kitengela juzi na hajui tunabishania nini, habari ni hii. Mwaka 2008 menye layiok, yaani wazee walezi wa rika la wamorani, waliomba msaada wa kuliondolea rika jipya desturi ya kuwinda simba. Shirika la uhifadhi la Big Life likafanya kazi nao, na Desemba 2012 michezo ya kwanza ikapigwa katika hifadhi ya Kimana, chini ya Kilimanjaro. Tangu hapo ni kila baada ya miaka miwili, isipokuwa kipindi cha korona, ambapo baada ya 2018 tulingoja hadi Desemba 2022. Manyatta zilizoanza ni nne: Mbirikani, Kuku, Rombo na Olgulului. Wanaume wana mashindano sita: mita 200, 800 na 5,000, kurusha mkuki, kurusha rungu, na mruko. Wasichana waliingia kwa mita 100 na 1,500. Manyatta inayoshinda kwa jumla hupewa fahali wa mbegu, na hapo ndipo hata wazee wasiojali riadha huanza kuulizia hali ya magoti ya vijana.

Wamarekani wamelifanya jambo hili la kutabiri vikosi kuwa taaluma. Mieleka ya vyuo vyao, kule Iowa na Penn State, ina nafasi kumi za uzito, kuanzia ratili 125 hadi 285, kama kilo 57 hadi 129. Miezi kabla ya msimu, waandishi wanajaza kurasa: nani ameshahitimu, nani amenenepa akapanda nafasi moja, nani alikaa benchi mwaka mzima na sasa yuko tayari. Nafasi moja ikiwa tupu, nchi nzima ya wapenzi wa chuo hicho inajua. Nawaonea wivu. Sisi tuna nafasi zetu, tuna wanamichezo wetu, na tunaendelea kutaja jina moja la mrukaji na kwenda zetu kulala.

Basi tufanye kwa utaratibu. Uliza kwanza nani ameondoka. Mwanachuo wa Marekani ana misimu michache tu, na morani hali kadhalika. Rika likipita sherehe ya Eunoto, nywele zikanyolewa, kijana anaingia katika njia ya uzee na maisha ya manyatta yanakwisha. UNESCO iliiweka Eunoto, pamoja na sherehe nyingine za rika, Enkipaata na Olng'esherr, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka mwaka 2018. Mtabiri anapaswa kuiweka kwenye kalenda yake pia. Nimesikia watu wazima wakitaja, kwa sauti ya uhakika, bingwa ambaye sasa ana wake wawili na duka la vipuri. Mpe heshima yake, mnunulie soda, lakini mtoe kikosini.

Halafu tazama mvua. Ukame ukikaza, kama ulivyokaza kabla ya michezo ya 2022, vijana wenye nguvu ndio wanaotumwa mbali na ng'ombe. Wengine wanapanda vilima vya Chyulu, wengine wanavuka mpaka hapa kwetu kuelekea Longido, Tanzania. Kijana aliyetembea na ng'ombe wenye njaa miezi mitatu anarudi na pumzi isiyo na mfano ila mapaja yamekwisha. Mfikirie kwa mita 5,000, umsahau kwa mita 200. Kijana aliyepata kazi ya kulinda geti Kitengela yuko kinyume chake: ameshiba, amelala mchana, misuli ipo, pumzi imebaki kijijini. Yeye mpe rungu au mkuki, na umwambie aache chipsi kuanzia Agosti.

Kwa habari hizi zote, Namanga tuna chanzo ambacho gazeti lolote lingelipia, nao ni akina mama wauza shanga wa mpakani. Wanamwona kila anayeshuka basi na kila anayevuka. Wanajua mwana wa nani amerudi, amerudi na nini, na anachechemea mguu upi. Usiende kwao na daftari mkononi kama karani wa sensa. Msalimie mama kwa Kimaasai, takwenya, ungoje akuitikie iko, uulize watoto na mifugo, ununue angalau bangili moja. Kisha umwulize kuhusu kikosi. Utapata zaidi ya anachojua kocha.

Sasa nafasi zenyewe, na nitaanza na mruko, maana ndio unaoharibu orodha nyingi. Kila mtu amewahi kuwaona wamorani wakiruka harusini, kwa hiyo kila mtu ni hakimu. Lakini kuruka katika ngoma na kuruka Kimana ni kazi mbili. Katika ngoma wenzako wanakuimbia, wasichana wanatazama, na ukichoka unarudi kwenye mstari, mwingine anaingia. Kimana kuna kamba imetandazwa hewani na unatakiwa uiguse kwa kichwa. Ukiigusa, inapandishwa. Hakuna uwanja wa kukimbilia. Mwili uwe wima, visigino visikae chini, na shingo isijikunje kuitafuta kamba, kwa sababu ukiitafuta umekwisha kupoteza urefu.

Hivyo mrefu ana faida tangu anaposimama, na ni lazima mtabiri akubali hilo hata kama manyatta yake imejaa vijana wafupi wenye bidii. Ila usimalizie hapo. Mtazame anavyoruka mara ya kumi. Wengi mruko wao wa kwanza ni wa bingwa na wa tano ni wa mtu anayevua viatu. Anayefaa ni yule ambaye mruko wa kumi huwezi kuutofautisha na wa pili. Mwandike huyo hata kama hakuna anayemwimba.

Tena usimruhusu mtu akuambie mruko wa kusimama ni mchezo wa kijijini tu. Ulikuwamo katika Olimpiki kubwa kuanzia 1900 hadi 1912. Mmarekani Ray Ewry, ambaye utotoni aliugua polio, alishinda dhahabu juu ya dhahabu kwa kuruka bila kukimbia. Mjini Paris mwaka 1900 aliruka mita 1.65 na ushei kutoka alipokuwa amesimama. Kisha dunia ikaufuta mchezo huo. Kimana umebaki, na sisi ndio wenyewe.

Mita 800 ina mtego wake, na mtego huo unaitwa Rudisha. David Rudisha wa Kilgoris ndiye mlezi wa michezo hii. London, Agosti 2012, aliongoza fainali kutoka mwanzo hadi mwisho, akapita mita 400 kwa sekunde 49.28 na kumaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Aliyekuwa wa mwisho siku hiyo, Andrew Osagie wa Uingereza, alikimbia 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu katika fainali za Sydney, Athens na Beijing. Tangu siku hiyo kila kijana wa Kajiado anataka kuongoza kutoka mwanzo. Mzunguko wa kwanza wanaruka kama risasi, wa pili wanatafuta maji. Ukitazama mchujo, usiandike jina la anayeongoza kengele inapolia. Andika jina la anayempita. Rudisha alijengwa miaka mingi Iten, mikononi mwa Brother Colm O'Connell, ndipo akathubutu kukimbia vile. Kijana wako amefanya mazoezi tangu Jumatatu.

Mita 200 sitasema mengi. Mwenye mbio anajulikana tangu shule ya msingi, na wote waliowahi kumkimbiza wakiwa wadogo watakuambia ni nani.

Mkuki unataka macho. Mkuki wa simba ulirushwa kwa karibu, kwa nguvu za kifua, kijana akiwa amesimama imara. Mkuki wa Kimana unataka umbali, na umbali unatoka katika hatua, nyonga na pembe ya mkono. Julius Yego wa Nandi alijifunza hayo kwa kutazama video za YouTube, na Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia kwa kurusha mita 92.72. Kwa hiyo ukimkuta morani ameinama juu ya simu chini ya mgunga, usimkemee kabla hujajua anatazama nini. Kama anatazama watu wakirusha mkuki, mweke kikosini. Rungu ni kinyume: hapo mwandike anayechunga kila siku, ambaye mkono wake haujapumzika tangu akiwa na miaka sita.

Ipo sababu inayonifanya nisitanie ninapotaka orodha ifanywe vizuri. Zamani orodha ya mashujaa ilikuwa fupi: nani alimtia simba mkuki wa kwanza. Huyo alipewa jina la simba na aliitwa kwalo maisha yake yote. Juni 2012, miezi sita tu kabla ya michezo ya kwanza, simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Mei 2023, wakati michezo imeshafanyika mara tano, simba sita wengine walichomwa mikuki Mbirikani kwa sababu ya mbuzi, na wiki hiyohiyo akauawa Loonkiito, dume la Amboseli lenye umri wa miaka 19. Siwalaumu wenye mbuzi. Aliyeamka akakuta zizi limejaa mizoga anajua uchungu wake, na fidia, hata inapokuwapo, hairudishi mbuzi aliyekuwa na mimba. Lakini hasara ya mbuzi na kiu ya jina ni mambo mawili, na hili la pili liko mikononi mwetu sisi tunaokaa vibandani. Jina linaishi likitajwa. Kijana akijua kwamba kutoka Namanga hadi Emali watu wanabishana kama yeye anafaa mita 800 au 5,000, ameshapata alichokuwa anakitafuta porini.

Ndiyo maana nafasi za wasichana zinaniuma. Watabiri wetu wengi wakifika kwenye mita 100 na 1,500 wanasema, "Hao watajulikana huko huko." Watajulikanaje kama hakuna aliyewatazama? Faith Kipyegon ameshinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki tatu mfululizo, Rio, Tokyo na Paris. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Mbio hizo ni za Kenya. Na msichana wa Rombo au Kuku anayetembea kwenda shule na kurudi, kisha anachota maji, ana msingi ambao makocha wa nje wanautafuta kwa pesa. Anachokosa ni saa moja ya mazoezi bila kuitwa jikoni. Kwa hiyo unapomtembelea mzee kumwuliza habari za mwanawe, mwulize na za binti. "Mzee, na huyu wa gredi ya nane, siku hizi anafanya mazoezi saa ngapi?" Akikosa jibu leo, wiki ijayo atakuwa nalo.

Orodha ikikamilika, kila nafasi iwe na majina mawili: atakayekwenda na atakayemrithi akiumia. Kikosi chenye nyota watatu na mashimo matatu hakipati fahali. Ukinishika shati unilazimishe, nitakwambia ukweli wangu: manyatta yenye mtu wa pili imara katika mkuki na mita 5,000 itaishinda manyatta yenye mrukaji anayesifiwa na kila mtu.

Kisha nenda ukaone. Wa Kitengela, shika barabara ya Mombasa hadi Emali, kata kulia, pita Mbirikani, ushuke Kimana. Wa Namanga, njia yetu ni ile ya Meshanani kupitia Amboseli, vumbi lote ni letu. Usingoje fainali ya Desemba. Nenda kwenye mchujo, wakati vijana bado wanakimbia mbele ya mbuzi na watoto wachache. Chukua kalamu. Na mstari wa kwanza wa orodha yako, nakuomba, uandike jina la msichana wa mita 1,500.