Mgeni wa Heshima, Njoo Pia Tuzike

Kwenu waheshimiwa wa mipango ya miji na mazingira, Thika na Ruiru,

Pongezi kwa msimu mwingine wa upandaji miti uliofana. Tangu 13 Novemba 2023, nchi nzima ilipopewa siku ya mapumziko ili ipande miti, ratiba tumeizoea: hema, hotuba, shimo lililochimbwa na mtu mwingine, koleo jipya, kamera, kisha magari yanaondoka. Mvua ikikatika, mche nao unakatika. Msimu ukirudi, mche mwingine unatiwa katika shimo lile lile na kuhesabiwa upya. Kwa hesabu hiyo, lengo la taifa la miti bilioni 15 ifikapo 2032 halina shida kabisa.

Ombi letu ni hili: kwa kuwa mgeni wa heshima huja kupanda, aje pia kuzika. Kila mche unaokufa upewe cheti cha kifo chenye jina la aliyeupanda, umri wa marehemu, na chanzo cha kifo: kiu, mbuzi au mtaro wa kebo. Iundwe kamati ya mazishi, pamoja na kundi la WhatsApp la michango. Tangazo gazetini liseme kwamba marehemu alikuwa mgrevilia wa kando ya barabara kuu, na ameacha kijiti kilichomwegemeza na kibao cha mfadhili. Hema lipo, viti vipo, na hotuba mnazijua kwa moyo. Tukishazika mia moja, huenda mwekahazina akagundua kwamba mpira wa kumwagilia maji ni nafuu kuliko matanga. Maombi mengine ni madogo: miavuli ya wauza matunda ihesabiwe kuwa msitu, na mbuzi waajiriwe, maana ndio pekee wanaoikagua miche kila siku.

Mtasema hakuna ardhi. Ilikuwepo. Sehemu kubwa ya Ruiru ilikuwa mashamba ya kahawa. Hata aina ya kahawa iliyotolewa mwaka 1985 inaitwa Ruiru 11. Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019, wakazi waliongezeka kutoka 238,858 hadi 490,120. Kahawa iling'olewa, ploti zikakatwa hadi ukingoni mwa barabara, na mchoro wa ploti haujiidhinishi wenyewe. Mtasema watu wanataka nyumba kabla ya kivuli. Hakuna anayepinga nyumba. Lakini Nairobi, ambako ardhi ni ghali zaidi, Karura ingali msitu wa takriban hekta 1,000, kwa sababu mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa ili usigawanywe. Huku kwetu hatuombi Karura. Tunaomba ukanda wa mita chache uchorwe kabla ploti haijauzwa, kwa sababu baada ya hapo hata waziri hawezi kupanda mti sebuleni kwa mtu.

Mtasema basi kwamba wananchi ndio hawatunzi miti. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na bajeti ya kulea iko kwenu. Mche wa mjini unahitaji maji kwa misimu kadhaa ya kiangazi, na uzio. Simulizi za Thika zinasema mkoloni, kwa kuogopa utabiri wa Mugo wa Kibiru, aliuzungushia mugumo mmoja chuma ili usianguke, na utawala wake nao. Nyinyi mmeshindwa na waya wa kuzuia mbuzi! Saa nane mchana abiria steji wanajipanga mstari mmoja mwembamba kufuata kivuli cha nguzo ya taa, mama mwenye mtoto mgongoni akiwa nusu ndani, nusu juani, nanyi mnatusomea idadi ya miti. Hiyo ni dharau. Lakini tuwie radhi. Barua hii ilianza kwa pongezi.

Basi, kwa heshima zote: msiidhinishe mchoro wowote usio na nafasi ya miti, na msimu ujao msitutangazie mliyopanda. Tutangazieni iliyo hai baada ya miaka mitatu, hata ikiwa ni kumi tu.

Ni sisi, wakazi mnaotuanika juani.