Rejeta Chini ya Meza

Wauzaji wa kompyuta wa Kampala Road wana subira kubwa, ila ina mpaka, na mpaka wake ni maji. Nilipotamka kwamba nataka kujenga mashine ya kupozwa kwa maji ndani ya kasha la lita 12, kijana wa dukani aliniuliza kwa upole kama nimewahi kujaribu kufungua dirisha. Ushauri wenyewe si mbaya. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa kawaida joto huishia nyuzi 27 au 28. Mwenye haki ya kupoza kompyuta kwa maji ni mtu wa Mombasa au Muscat. Mimi nilikuwa nimeshaitamani, basi.

Taabu yote ni udogo wa kasha. Mazabodi ya mini-ITX, umbo lililobuniwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001, ni mraba wa sentimita 17. Ibanie hapo prosesa na kadi ya picha yenye joto la pasi, feni itapumulia wapi? Maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa ya ujazo uleule, ndiyo maana huzungushwa kwa pampu hadi kwenye rejeta. Lakini rejeta, pampu na mipira navyo vinataka pa kukaa. Kifuniko kilipofunga, mpira ulikunjika. Mpira uliponyooka, kifuniko kikagoma. Kilihitajika kiungo kimoja cha pembe, na dukani wakaniambia hicho ni cha kuagiza Dubai.

Nikaenda Kisekka, soko ambako gari lililokufa hugawanywa vipande ili mengine yaishi. Fundi wa rejeta, mzee mwenye Kiswahili cha kambini, alinyoosha mkono.

“Lete, kijana. Gari gani?”

“Si gari, mzee. Kompyuta.”

Hakupepesa jicho. Alikigeuza kiungo changu, akapitisha ukucha kwenye nyuzi zake, akasema, “Kota inchi.” Na kweli: viungo vya kompyuta za maji vina nyuzi za kipimo kilekile cha Waingereza cha mabomba. Akatoa kona ya shaba nyeupe, akachokora kopo la oringi hadi akapata inayokaa. Halafu akanihoji. Rejeta ni ya shaba au alumini? Kule juu ya prosesa je? Nisithubutu kuchanganya, alisema, vitalana humohumo majini. Dukani, nilikoacha pesa nyingi, hakuna aliyeniuliza swali hilo.

Maji niliyapata kituo cha mafuta: maji ya betri, yaliyochujwa kwa mvuke. Mhudumu alinyanyua chupa mbili za kufanana, moja ikiwa asidi, akangoja nichague. Nilizisoma lebo kwa utulivu ambao sijawahi kuupa mkataba wowote.

Kabla ya kuiwasha, mashine ya namna hii hujaribiwa kwa pampu pekee, mazabodi ikiwa haina umeme, kila kiungo kimefungwa tishu ili tone likitoka lionekane. Nikaiacha izunguke usiku kucha, nikilala sikio wazi. Hewa iliyobaki ndani ilikuwa ikigugumia. Alfajiri nikagongewa mlango na mama mwenye nyumba, beseni mkononi.

“Ssebo, bomba lako linavuja. Bili ya maji tunagawana hapa!”

“Mama, maji yenyewe hayafiki lita moja.”

Aliinama chini ya meza, akaitazama rejeta, akanitazama mimi. Umeme ukakatika palepale, kimya kikatanda, akaondoka ameridhika kwamba amenikomesha.

Tishu zilikuwa kavu. Umeme uliporudi jioni, mashine ikawaka, baridi tele, taa zake za kijani zikimulika kupitia kioo hadi uani. Sasa huo ulikuwa Novemba, msimu wa nsenene, panzi wa kuliwa, na wategaji wa Masaka wangeniambia kinachofuata: wao huwasha taa kali juu ya mabati, panzi wakajaa mapipani. Mimi niliwasha taa, dirisha wazi, kama nilivyoshauriwa dukani. Walitua juu ya kioo, wakajibana kwenye mapezi ya rejeta, wawili wakasimamisha feni. Watoto wa jirani waliingia na vikombe bila hodi. Joto la prosesa likapanda, nikaizima.

Jioni iliyofuata mama mwenye nyumba alirudi na beseni lake, safari hii sauti imelainika.

“Ssebo, leo huiwashi?”