Kimemo Kimevaa Tai

Nina marafiki 612 na hakuna hata mmoja anayeweza kunikopesha elfu kumi. Wote wako LinkedIn. Mbele za watu mtandao huo ukifika 500 huacha kuhesabu. Unaandika 500 na kialama cha kujumlisha, kama mama mwenye shughuli aliyeona wageni wamezidi akaamua kuongeza maji kwenye mchuzi. Mimi mwenyewe naiona hesabu kamili, na najua kwamba mia mbili na ushee kati ya marafiki hao ni marikruta.

Kwa wasiowajua, rikruta ni mtu anayelipwa mshahara na kampuni kubwa ili atafute watu wa kuajiri, na pia, hii ndiyo sehemu niliyoifaidi mimi, ili awaeleze wengine wote kwa upole kwamba hawataajiriwa.

Yote yaliletwa na kijana mmoja niliyesoma naye chuo, yule aliyekuwa akikaa nyuma yangu kwenye mtihani ili aone vizuri. Mimi naandika programu katika ofisi moja ya Sinza, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Tuko sita na feni moja. Yeye katikati ya mwaka 2022 akanipigia simu kutoka Nairobi kunitaarifu kwamba amepata kazi kwenye kampuni kubwa ya teknolojia. Kule mambo yalikuwa yamechangamka: Microsoft walishafungua kituo chao cha wahandisi tangu 2019, na Google nao mwaka huo wa 2022 wakatangaza cha kwao. Nikamuuliza alipitia mlango gani, maana mimi mlangoni kwa hao wakubwa nilishapeleka maombi hadi nenosiri likachoka.

"Kaka, mlangoni kuna foleni ya dunia nzima," akaniambia. "Tafuta rikruta. Jenga koneksheni."

Hapo nilikaa chini. Tangu nimalize chuo nimekuwa nikisemwa kwamba kinachoniangusha ni kukosa koneksheni. Mjini kwetu neno hilo hutamkwa kwa kunong'ona, mtu akiangalia kwanza nyuma yake. Fulani kapataje kazi bandarini? Koneksheni. Wazungu, ambao kila mwaka wanatuletea semina za utawala bora pamoja na chai na sambusa mbili, kumbe wao koneksheni wameiwekea kitufe! Cha bluu, mchana kweupe, na ukikibonyeza unapongezwa.

Si hiyo tu. Kuna kitu wanaita rifero. Mfanyakazi wa ndani anaingiza jina lako kwenye mfumo wa kampuni, anaandika kwamba anakufahamu na unafaa, na ukiajiriwa kampuni nyingi humpa yeye zawadi ya fedha. Nilisoma maelezo hayo mara tatu. Ndugu zangu, hiki si ni kimemo? Ni kile kile kikaratasi cha mheshimiwa, "mleta barua hii ni kijana wetu, mwangalie", ila kimepigwa pasi na kufungwa tai. Yule kijana wa Nairobi nilimwomba kimemo hicho siku hiyo hiyo. Akasema bado yuko kwenye kipindi cha majaribio. Mtihani mzima wa hesabu alimaliza kwa karatasi yangu.

Basi nikaanza na marikruta. Barua ya kwanza niliiandika kwa Kiingereza, lakini kwa mtindo ule tuliofundishwa shuleni: anwani kulia, "Ndugu", halafu "YAH: MAOMBI YA KUJENGA UHUSIANO", halafu "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Nikabandika, nikatuma. Sikujua kwamba unapoomba kuunganishwa na mtu unapewa nafasi ya sentensi mbili tatu tu, na kinachozidi hakiingii. Dada wa watu huko Ulaya alipokea salamu, kichwa cha habari, na maneno "Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa". Umri wenyewe ulibaki kwangu.

Nilituma kama arobaini hivi kabla sijagundua kosa la pili. Marikruta wana mitaa yao. Kuna anayeajiri wahandisi, kuna anayeajiri watu wa mauzo tu, kuna wa wahitimu wapya, kuna wa mafundi wa majengo ya kompyuta. Mimi nilikuwa nabisha hodi nyumba yoyote yenye taa. Kuna bwana mmoja, Mungu ambariki, alinijibu kwamba yeye anatafuta wapishi wa kantini.

Picha nayo ilinigharimu. Nilikwenda studio Mwenge na koti la suti la shemeji, mpiga picha akaniweka mbele ya pazia la buluu lenye mawingu. Mke wangu aliitazama muda mrefu. "Umependeza, Baba Watoto," akasema. "Ila umekaa kama wa kuwekwa kwenye fulana za msiba."

Mjomba wangu wa Tanga, mstaafu wa reli, alikuwa amekuja kwa matibabu ya macho na akaifuatilia shughuli yangu kwa masikitiko. Yeye kazi aliipata kwa kupeleka barua kwa mkono, ndani ya bahasha ya kaki, akakaa kwenye benchi la mapokezi siku tatu hadi bwana mkubwa akaona haya. "Ofisi yao iko wapi?" akaniuliza. Nikamwambia makao makuu yako California. Akafikiri. "Kuna benchi?"

Hata hivyo ni mjomba huyo huyo aliyenifungua akili. Nilipomweleza kwamba rikruta mwenyewe haamui, kwamba anayeamua ni mkuu wa kitengo chenye nafasi pamoja na wale watakaonisaili, na yeye rikruta kazi yake ni kupeleka jina, kupanga siku, kurudisha majibu na kutuliza hasira, mjomba akacheka. "Sasa si mshenga huyo? Mshenga unamwandikia historia ya ukoo ya nini? Unamwambia binti ni yupi, mwenyewe una nini, na barua iende lini."

Nikabadilisha. Nikaacha "shauku" na "bidii". Nikataja namba ya tangazo la nafasi yenyewe, nikasema nimepunguza muda wa kutoa ripoti ya mwezi ya wateja wetu wa maduka ya jumla kutoka dakika 40 hadi 3, nikauliza swali moja: nafasi bado ipo? Basi. Mistari mitatu.

Wa kwanza kujibu alijibu ndani ya dakika moja, saa sita usiku, kwa WhatsApp. Aliniita "mpendwa mteule". Nafasi ipo, mshahara ni wa dola, anachohitaji ni 85,000 za ada ya usajili, zitumwe kwa namba yenye jina la mtu mwingine. Nilijua ni tapeli. Rikruta wa kweli hakuombi hata senti, yeye ndiye mwenye mshahara. Lakini nakiri kwamba sikumfungia mara moja. Katika watu wote niliowaandikia mwaka ule, ndiye peke yake aliyeniuliza kama nimeshakula.

Wa kweli alijibu baada ya wiki mbili, kutoka Dublin, ambako kampuni nyingi za Kimarekani zimeweka ofisi zao za Ulaya. Kampuni yake sitaitaja kwa sababu bado nina matumaini. Akasema amevutiwa, tuongee nusu saa kwa video, Jumatano ya kwanza ya Novemba, saa 10:00 kwa saa za kwao.

Nikapiga hesabu. Ireland wako saa mbili nyuma yetu, nilishahakikisha mwezi Septemba. Kwao 10:00, kwetu saa sita mchana. Nikaomba ruhusa ofisini kwa kisingizio cha jino. Saa sita kasorobo nilikuwa sebuleni, juu shati na tai, chini msuli, nimenunua bando la kutosha ukoo, watoto wamepelekwa kwa jirani. Saa sita ikafika. Saa sita na robo. Saa sita na nusu nikalegeza tai. Saa saba kasorobo nikaivua, nikamwambia mjomba wazungu nao wana uswahili wao, nikavaa suruali nikateremka dukani kwa Mangi kununua mayai.

Kumbe Jumapili ya mwisho ya Oktoba watu wa Ulaya hurudisha saa zao nyuma. Wanaamka, wanakubaliana kwamba saa nane ya usiku ni saa saba, wanarudi kulala. Mimi nimezaliwa karibu na ikweta: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, likizama ni saa kumi na mbili, halijawahi kuniomba radhi. Saa saba kamili, trei ya mayai mkononi, simu ikaita. Ni yeye, kwa video, amewahi kwa sekunde.

Nikapokea. Nifanyeje? Nikaweka mayai juu ya friji ya soda na kusimama mahali penye mwanga, ambapo nyuma yangu palikuwa na sabuni za unga, dawa za mbu na kalenda ya kampuni ya saruji. Akatabasamu. Akasema nina ofisi yenye rangi nyingi.

Maswali yao yana mpangilio, kila jibu wanalitaka liwe na hali iliyokuwepo, jukumu lako, hatua ulizochukua na matokeo. Aliniomba nimweleze siku niliyotofautiana na mfanyakazi mwenzangu. Nikaanza hali. Kabla sijafika kwenye jukumu mtoto akaingia, "Mangi, nipe sukari nusu," Mangi akaanza kupima, na mizani yake ile ya chuma ikilia ngaa ngaa kila jiwe linapowekwa. Nikapandisha sauti kwenye hatua. Kwenye matokeo nilikuwa napiga kelele kabisa, kwamba tulikubaliana, na mteja akafurahi, na Mangi akamwambia mtoto amebakiza mia mbili yake.

Rikruta akauliza ni nani huyo. Nikasema ni mwenzangu, anashughulikia ugavi. Mangi akasikia ameongelewa, akazunguka kaunta, akaingiza kichwa kwenye picha na kunikanyaga: "Mwambie na mimi nina kijana wangu kamaliza fomu foo. Hata ulinzi."

Hamtaamini, nilipita. Aliandika jioni kwamba alipenda utulivu wangu. Akanitumia vitu vya kusoma kwa ajili ya usaili wa kiufundi, na huko ndiko nilikokutana na miti. Mti wa kompyuta mizizi yake iko juu na majani yako chini, na wasaili hupenda kukuomba uugeuze kushoto kuwa kulia, ubaoni, wakikutazama. Si mchezo: mwaka 2015 Max Howell, mtu aliyetengeneza Homebrew, programu ambayo wahandisi wengi wa Google wenyewe walikuwa wakiitumia, alilalamika hadharani kwamba Google walimkataa kwa kushindwa kugeuza mti huo huo. Wiki tatu nilichora miti nyuma ya madaftari ya watoto. Mjomba akaangalia mmoja akasema huo mbona ni mbuyu, na mbuyu Mungu alishaupindua zamani, wewe unaupindua mara ya pili wa nini.

Usaili haukufika. Mwanzoni mwa Desemba rikruta akaandika, sentensi mbili, kwamba nafasi imesitishwa. Nikamjibu kumshukuru. Kimya. Nikamtakia Krismasi njema. Kimya. Nikamtakia mwaka mpya, nikamuuliza hali ya hewa, nikampongeza kwa kutimiza miaka minne kazini, maana mtandao ndio ulionikumbusha. Barua tano kwa jumla, zote fupi, zote za adabu.

Wakati huo mimi namlaumu, yeye nyumba yake inaungua. Kampuni hizi zilikuwa zimeajiri kwa pupa kipindi cha korona, sasa zikaanza kutapika. Novemba ile Meta walipunguza watu 11,000 na kusema wazi kwamba idara ya kuajiri itaguswa zaidi. Januari 2023 Microsoft wakatangaza 10,000, Google 12,000. Ukiacha kuoza mabinti, mshenga unamlipa wa nini?

Nilimwona mwishoni mwa Januari. Picha ile ile, tabasamu lile lile, ila sasa imezungushiwa lile duara la kijani linaloambia ulimwengu kwamba mwenye picha anatafuta kazi. Na kwa mara ya kwanza tangu Desemba kulikuwa na ujumbe wake. Hakutaja barua zangu. Alikuwa anawaandikia watu wote aliowahi kufanya nao kazi vizuri, akiomba wamthibitishie ujuzi wake kwenye ukurasa wake, ili marikruta wa kampuni nyingine wauone. Ujuzi wenyewe alikuwa ameshauchagua: mawasiliano.

Nilimwonyesha mjomba. Akavaa miwani yake mipya, akasoma, akasema kwa mshenga mtu hasusi.

Nikabonyeza. Kisha nikamwandikia mstari mmoja kumjulisha kwamba nimeshabonyeza, nikaweka simu mezani kifudifudi. Bado hajajibu.